Kisima Chini ya Kwaraa

Juzi sokoni kijana mmoja alitaka kuniuzia jiwe la kusugulia miguu kwa bei ya kiti. Sikumkasirikia. Mimi mwenyewe nauza maharage, najua asubuhi kila mtu huanza na bei ya ndoto. Akaniambia nisilione dogo, limetoka kwenye volkano, Hanang kule, bado lina moto ndani. Nikamjibu kwamba kama lina moto ndani basi silitaki, nitaunguza mashuka. Nikamwomba alitumbukize kwenye beseni la muuza samaki wa jirani. Likaelea. Hapo nikajua ni la kweli, maana jiwe la namna ile ni povu lililoganda: mwamba ulioyeyuka ulikuwa umejaa gesi, ukatoka ghafla kama soda iliyotikiswa, ukapoa kabla mapovu hayajapasuka. Vile vitundu vyote ni nyumba za gesi iliyokwisha kuhama. Tukapatana. Nikalihesabu jiwe langu moja mara mbili, kwa mazoea, nikalitia kwenye mfuko. Lakini nilipofika kwenye meza yangu sikuwa tena na hamu ya kuuza. Wateja walinipata kwa bei rahisi siku ile, na wanaonijua walidhani naumwa.

Nilikuwa nimekumbuka gesi ilivyohama kwetu, na aliyehama nayo.

Baba yangu alikuwa mchimba visima. Alichimba na mjomba wangu Bura, mdogo wake mama, aliyeshuka kutoka milima ya Mbulu kuja kututembelea na akasahau kuondoka. Alilala kwenye benchi la sebuleni, miguu ikining'inia upande mmoja. Nilimpenda kuliko nilivyowapenda wenye vitanda. Siku za mnada alinichukua kubeba mfuko, na ndiye aliyenifundisha kununua. Alisema ukitajiwa bei, usishtuke, sikitika. Mtu aliyeshtuka anabishana, mtu anayesikitika anahurumiwa. Kisha ondoka, lakini ondoka taratibu, muuzaji apate muda wa kujuta. Na ukirudishiwa chenji, hesabu mara mbili: mara ya kwanza tazama pesa, mara ya pili mtazame aliyekupa. Baba alikuwa akisema shemeji yake angeweza kumpunguzia bei mchungaji wakati wa sadaka.

Mwaka ninaousimulia nilikaa dawati la mbele darasani, kwa ufupi wangu, siyo kwa akili. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mama mmoja mpole aliyefundisha dunia yote kwa mifano ya jikoni. Alisema chini sana, kwenye joto ambalo hakuna kuni za kulifikia, mwamba huyeyuka, na ukishayeyuka huwa mwepesi kuliko mwamba unaouzunguka, kwa hiyo hupanda kama mafuta yanavyopanda juu ya mchuzi. Hupitia kwenye nyufa, na huku kwetu kwenye Bonde la Ufa nyufa hazikosekani, kwa sababu ardhi inavutwa huku na huku kama kitenge kinachogombewa na wanawake wawili. Hukusanyika kwenye chumba chini ya mlima, husubiri. Ukiwa mwepesi kama uji wa mgonjwa, hutoka na kutiririka mbali, na mlima wake huwa mpana na wa chini, kama ngao iliyolazwa. Ukiwa mzito kama ugali unaokaribia kuiva, gesi hunaswa ndani. Na ugali, alisema, nyote mmeona unavyorusha na kuunguza mkono. Mlima wa namna hiyo hulipuka. Hutema majivu, halafu lava, halafu majivu tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka unakuwa mrefu wenye mbavu kali kama Hanang. Iko midogo iliyojengwa kwa kokoto nyeusi zilizorushwa juu zikaanguka kuzunguka tundu lao, kama udongo anaoutoa fuko. Na iko iliyotema mpaka chumba cha chini kikabaki kitupu, kilele kikadidimia ndani, ikabaki bakuli kubwa kama Ngorongoro.

Kisha akaigawa milima hiyo kwa namna nyingine: iliyo hai, iliyolala, iliyokufa. Mimi nikauliza kuhusu mlima Kwaraa, kwa sababu ulikuwa pale pale dirishani, na msitu wake na wingu lake, ukitutazama tukiandika. Mwalimu akasema Kwaraa umekufa zamani sana, tusiwe na wasiwasi. Mvulana mmoja wa nyuma akauliza nani alikwenda kuupima mapigo. Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka. Mimi sikucheka, maana niliona hakujibu.

Ingekuwa mwaka mwingine ningesahau kabla ya kengele. Lakini wiki zile ardhi ilikuwa inatikisika. Siyo kwa kishindo. Vikombe vilikuwa vinagongana kabatini bila mtu, mlango unajifungua, mbwa wa mtaa mzima wananyamaza kwa pamoja. Mwalimu alieleza kwamba ni Oldonyo Lengai, kule kaskazini kwa Wamasai, unasafisha koo, na kwamba lava yake haifanani na ya mlima mwingine wowote, hutoka nyeusi na nyepesi kama oili chafu ya gari, kisha ikikaa hugeuka nyeupe. Alidhani anatutuliza. Majirani walitoa magodoro nje. Mimi nilianza kuhesabu watu wa nyumbani kila jioni, mara mbili, baba, mama, mjomba, wadogo zangu wawili, na mara nyingi nilipungukiwa na mmoja nikaogopa sana, kumbe nimejisahau mwenyewe.

Na katika wiki hizo hizo, baba na mjomba walikuwa wanachimba kisima Bonga, kwenye kiwanja cha mama mmoja mjane tuliyemwita Mama Eli, chini kabisa ya Kwaraa. Kwa hesabu yangu ya mtoto, wazazi wangu hawakuwa na akili. Mlima una chumba cha moto chini yake, na baba yangu kila asubuhi anachukua sururu na kwenda kuligonga paa la chumba hicho.

Kilichonitisha zaidi ni koroboi. Wachimba visima wa kwetu, kabla mtu hajashuka, huwasha koroboi na kuiteremsha kwa kamba mpaka chini, wanasimama mdomoni mwa shimo kimya wakiitazama. Ikiendelea kuwaka, mtu anashuka. Ikizimika, hakuna kazi. Watafunga matawi yenye majani mengi kwenye kamba, watayapandisha na kuyashusha kutwa nzima kama wanaopepea mkaa, kisha watajaribu tena. Baba hakuwahi kunieleza sababu. Nadhani hakuona kama ni jambo la kueleza, kama usivyomweleza mtoto kwa nini unabisha hodi. Kwa hiyo nilijieleza mwenyewe. Nilijua nyumbani ukitaka moto unakwenda kuuomba kwa jirani, kaa moja linawasha jiko zima. Nikaamini moto huitana. Nikaamini ile koroboi inapoteremshwa, ule moto mkubwa wa chini unaiona na kuanza kupanda kuja kuisalimia. Nikawa naomba usiku Mungu awasahaulishe koroboi nyumbani.

Mungu alinisikia, kupitia mnada. Mjomba alirudi siku moja na tochi ya kuchaji, ndefu kama mkono wangu, aliyokuwa amemsikitikia muuzaji mpaka kijana wa watu akakata tamaa. Aliimulika darini, akamulika mende mmoja aliyekuwa amekaa kwa amani miaka yote. Akasema kuanzia sasa mafuta ya taa ni ya kupikia wageni, Bonga tutaona mpaka sisimizi wa chini. Baba akaigeuzageuza mkononi, akasema ni nzuri. Mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Nilimshukuru Mungu na Wachina, kwa mpangilio huo.

Tetemeko moja likaja kubwa kidogo kuliko mengine, na Mama Eli akaomba kazi isimame kwanza mpaka ardhi itulie. Kisima kikakaa siku kadhaa wazi, hakuna aliyeingia. Walirudi kazini Jumamosi. Mama alipika makande, tukawapelekea mimi na yeye, tukashukia barabara ya Dodoma na kupandisha kwa miguu kati ya mahindi yaliyokuwa yanaanza kubeba. Nakumbuka harufu ya udongo uliotolewa chini, rundo kubwa jekundu, baridi hata juani. Tuliwasalimu. Mama Eli akatuletea viti. Ilikuwa zamu ya mjomba kushuka.

Baba, nakumbuka vizuri, aliuliza kuhusu koroboi. Siyo kwa kugombana, kama mtu anayeuliza ufunguo uko wapi. Mjomba akamulika tochi ndani. Tukainama wote, hata mimi, mama amenishika gauni. Ajabu ilivyokuwa inaonekana. Kwa koroboi ungeona nukta ya njano tu; kwa tochi tuliona kuta zote, vishimo vya kukanyagia, sururu waliyoiacha, na kidimbwi kidogo cha maji safi kinachotoa mapovu madogo madogo kama chai inayotaka kuchemka. Mjomba akasema, "Shemeji, unataka taa ya kuonyesha nini tena? Kila kitu si hiki hapa?" Na baba akatazama, akaona kila kitu, akakubali. Tumezoea kusema kuona ni kujua. Mimi niliona mapovu, nikatafuta moshi, nikatafuta wekundu wa moto, sikuona. Nikashusha pumzi. Nilikuwa nimesoma dalili zote za volkano na sikuiona hata moja.

Akashuka huku anaimba, tochi imefungwa kwenye mkanda wa kiuno, mkono mmoja kwenye kamba. Sauti ilikwenda ikididimia. Alipofika chini akaiweka tochi ukutani ikimulika juu, akainama kuchukua sururu. Kisha akakaa. Alikaa kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha akajilaza ubavu.

Baba akamwita, akacheka, kwa sababu mjomba alishawahi kujifanya amezimia kwenye kisima cha Sigino mpaka mwenye kiwanja akakimbilia kwa mchungaji. Akamwita tena. Hakucheka mara ya tatu. Tochi ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Hilo ndilo sijawahi kulisimulia kwa mtu akanielewa: mwanga haukupungua. Ulimulika miti mitatu iliyosimikwa mdomoni mwa shimo kushika kamba, ukamulika kidevu cha baba kwa chini, na mjomba amelala pembeni ya tochi kama mtu aliyesahau kuzima taa.

Baba akavua shati. Akavuta kamba juu, ile ambayo mjomba alikuwa ameiachia, akaanza kujifunga kiunoni. Mama alikuwa bado ameshika sufuria ya makande. Akaiweka chini, taratibu, akahakikisha haitapinduka. Kisha akatembea mpaka kwenye kamba na kuikalia. Alikaa juu ya ile sehemu iliyobaki imelala ardhini, miguu ameinyoosha mbele kama wanawake wanavyokaa msibani, akaishika pande zote mbili za mapaja kwa mikono.

Baba akamwambia, "Mama Neema, ondoka."

"Huendi."

"Ni ndugu yako huyo."

"Najua ni wa nani."

"Anakufa."

"Washa koroboi," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Washa koroboi, Baba Neema. Ikikaa, nenda. Isipokaa, mimi sitoki hapa."

Baba alisimama. Alisimama na ncha ya kamba kiunoni, akamtazama mama, akatazama shimo. Sijui kwa muda gani. Mama Eli alikuwa ameshakimbilia ndani, akatoka na koroboi yake imewashwa. Waliiteremsha kwa kamba nyingine nyembamba. Ilishuka vizuri, ikashuka, na ilipofika kimo cha mtu juu ya mjomba ikazimika, kama iliyobanwa kwa vidole viwili vilivyolowa. Hakuna upepo, hakuna kitu. Wakaipandisha, wakaiwasha, wakaiteremsha, ikazimika pale pale. Ungeweza kuchora mstari.

Majirani wakaja. Wakakata matawi, wakayafunga, wakapandisha na kushusha, wengine wakamwaga maji kutoka juu ili yasukume ile hewa. Walitupa ndoana ya kutolea ndoo ikashika nguo ikachana. Mama hakuondoka kwenye kamba. Kivuli cha mti kilihama kikamwacha juani, Mama Eli akamfunika kichwa kwa khanga yake, na mama hakugeuka kuona ni nani. Koroboi ilipokaa mpaka chini bila kutikisika, mama akainuka mwenyewe, akampa baba kamba mkononi. Baba akashuka. Akampandisha mjomba. Hakuwa na jeraha hata moja. Nywele zilikuwa na majani tuliyopepea.

Ndugu wa mama walishuka kutoka juu, kutoka Dareda na kule Mbulu, wakajaza nyumba. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa ameshasimuliwa. Akamwita mama mbele ya watu, akamuuliza kama ni kweli alikalia kamba. Mama akasema ni kweli, alikaa. Bibi akamtazama muda mrefu.

"Ungemwacha ashuke ningezika wawili," akasema. "Najua. Lakini ungemwacha."

Mama hakujitetea siku ile wala baada yake. Bibi aliishi miaka mingi, akaja kwetu mara chache, na kila alipokuja alikula kwa jirani.

Shuleni nilimsubiri mwalimu wa jiografia darasa lilipotoka. Nilimuuliza ile ilikuwa volkano ya aina gani, isiyo na moshi wala moto wala lava. Alivua miwani. Akanieleza kwamba mlima unaweza kuwa umekufa, lakini nyufa zilizouzaa bado zipo, na chini huko ile miamba ikipoa au ikichemka hutoa gesi, na gesi hupanda kimya kimya. Moja yao haina harufu wala rangi, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo ikikuta shimo hujaa humo kama maji kwenye ndoo. Mtu akiingia humo huzama bila kulowa. Moto wa koroboi unahitaji hewa ile ile anayohitaji mtu, tochi haihitaji. Pengine ilitoka kwenye zile nyufa, akasema, pengine ni hewa mbaya tu ya kisima kilichokaa, bila wataalamu hawezi kuapa. Nikamwambia mimi niliomba koroboi isahauliwe. Akanishika kichwa akaniambia Mungu hafanyi kazi kwa maombi ya mtoto wa dawati la mbele. Nikaliamini hilo, na limenisaidia, ingawa kanisani limenipa matatizo yake.

Baba hakuchimba kisima tena. Akawa fundi wa baiskeli pale karibu na stendi, mtu mkimya, anayemsikiliza mke wake kwa kila jambo mpaka wanaume wenzake wakamtania. Mtaani kwetu ilijulikana hivyo: Baba Neema ni mzima kwa sababu mkewe alikuwa na roho ngumu. Ukoo wa mama ulikuwa na neno lingine badala ya roho ngumu, lakini walimaanisha kitu hicho hicho. Mama alibeba sifa na lawama kwa mkono mmoja, na alikwenda nazo sokoni na kurudi nazo.

Mwaka jana baba aliugua, na ugonjwa ule haukuwa wa kupona. Jioni moja nilikuwa namkanda miguu, nikasema jambo la kumtia moyo, kwamba mama alimpa miaka yote hii, na mimi na wadogo zangu tunajua.

"Mama yako alikuwa mwepesi," akasema. "Nilikuwa navuta ndoo za matope kutwa nzima, Neema. Ningemwinua kwa mkono mmoja." Akageuza uso ukutani. "Usimwambie."

Sikumwambia. Tulimzika, watu wakaja, watu wakaondoka. Baada ya siku nyingi, tulikuwa jikoni tunachambua maharage, mama na mimi, tunatoa mabovu. Bila kuinua macho akaniuliza kama baba aliniambia kuhusu kamba. Mimi ninayeweza kumdanganya mnunuzi yeyote Babati, mikono yangu ilisimama juu ya ungo, naye akaona.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Niliikalia, nikaishika huku na huku, nikawa nasubiri avute. Hakuvuta."

Akatoa harage moja bovu, akalitupa nje mlangoni.

"Kwa hiyo ikabidi mmoja wetu awe ndiye aliyekataa."